Masikio ya Kapita

Kapita alianza kujikuna tena siku ya Alhamisi, katika wiki ya nne, wakati ambapo wote walikuwa wameshaanza kuamini kwamba amepona. Hadassa alimsikia kabla hajamwona. Alikuwa anafungua mlango wa nyuma wa nyumba ya mzee Birindwa, saa moja asubuhi, akasikia kucha zikigonga sakafu ya mbao haraka haraka, zikanyamaza, zikaanza upya. Alibaki amesimama na ufunguo mkononi. Mwezi wa tatu ulikuwa unakaribia kwisha na baridi ya Louisville bado inauma, lakini hakutaka kuingia.

Alipoingia, mbwa alikuwa amejikunja chini ya meza ya jikoni, anatafuna mguu wake wa mbele. Manyoya ya katikati ya vidole yalikuwa yameloa mate na kugeuka rangi ya kutu. Hadassa alipiga goti, akainua sikio la kushoto, akanusa. Ile harufu ilikuwa imerudi, harufu ya pombe ya ndizi iliyochacha. Ndani palikuwa pekundu, pamejaa nta ya kahawia.

"Nani amekupa nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mbwa alimtazama, kisha akaendelea kutafuna.

Hadassa Mukandoli alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa milima ya Minembwe, katika nchi iliyokuwa bado na vita. Tangu mwezi wa kumi na moja, kampuni moja ya kutunza wazee majumbani ilikuwa ikimtuma kila siku ya kazi kwa mzee Birindwa, mwalimu wa zamani kutoka Walungu, wilaya nyingine ya nchi ileile, mjane wa miaka sabini na nane, aliyeishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali karibu na bustani ya Iroquois. Peke yake, ukimwacha mbwa. Majirani walihama wakamtelekeza yule mbwa uani kwao, mzee akamfungulia mlango wakati wa theluji, na tangu siku hiyo hawakuachana. Alimwita Kapita kwa sababu kila asubuhi mbwa alizunguka ua mzima kama kapita wa shambani, msimamizi anayekagua vibarua.

Kwao Hadassa, mbwa alilala nje. Alichokijua yeye ni ng'ombe. Baba yake alikuwa amemfundisha kusoma ngozi ya mnyama: mahali anapojilamba, jinsi manyoya yanavyolala, harufu ya sikio. Ndiyo maana mwezi wa kumi na mbili, mzee alipomwambia kwamba Kapita anajikuna kwa sababu ya baridi, hakukubali. Hakukuwa na kiroboto hata mmoja. Nje majani yote yalikuwa yamekufa, hakuna chavua ya kumwasha mnyama. Na bado mbwa alijikwaruza masikio mpaka yakatoa damu, alilamba tumbo mpaka likabaki uchi, na mara mbili tatu kwa wiki alitapika kwenye zulia.

Mwishoni mwa mwezi wa pili alimpigia simu Séphora, binti wa mzee, aliyekuwa msimamizi katika ghala moja huko Columbus. Séphora aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu, wote wawili wakampeleka mbwa kwa daktari wa wanyama. Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, alichukua nta ya sikio akaitazama kwenye darubini, akamkagua Kapita miguu, kwapa na chini ya mkia. Kisha akaweka mezani mfuko wa chakula maalumu cha mbwa, akaeleza, Séphora akitafsiri.

"Anasema ni aleji ya chakula, anazania hivyo. Mwili inakataa nyama fulani ambayo imbwa ilikula miaka mingi. Inaweza kuwa kuku, inaweza kuwa ngombe, maziwa, mayai, ngano. Kipimo cha damu hakiwezi kusema ukweli. Njia ni moja tu: wiki munane, chakula ya mu hii saki peke yake."

"Na kitu ingine?" Hadassa aliuliza.

"Hapana kitu ingine. Hata mufupa, hata mukate, hata dawa yenye iko na ladha ya nyama. Anasema kipande kimoja tu kinaharibu yote, tunaanza upya."

Daktari alimwangalia Hadassa, si Séphora, akarudia jambo moja polepole ili lieleweke bila mkalimani: kila mtu ndani ya nyumba. Kila mtu.

Wakampa matone ya masikio na vidonge vya kuua vijidudu vilivyoingia kwenye vidonda. Nyumbani, Séphora alibandika karatasi ya masharti hayo kwenye friji. Mzee Birindwa aliisoma akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwalimu anayekagua daftari, akasema, "Bon. Tutafanya hivyo."

Na kwa wiki tatu waliona matunda. Nta ilikauka. Kapita aliacha kutapika, akaanza kulala usiku mzima miguuni pa mzee. Manyoya mafupi ya dhahabu yaliota tumboni.

Sasa, Alhamisi ya wiki ya nne, harufu ilikuwa imerudi.

Hadassa alipekua nyumba nzima. Alikagua mfuko wa chakula kama umetobolewa na panya. Alitambaa kando ya uzio akitafuta mifupa iliyotupwa na wapita njia. Alisoma vibandiko vya dawa herufi kwa herufi. Alimwuliza mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, blanketi magotini.

"Papa, hakuna kitu ulimupatia?"

"Mimi? Nimupatie nini? Karatasi iko pale."

Alisema hivyo bila kugeuza macho. Hadassa akaona jinsi mkanda wa suruali ulivyokuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Alijiambia wazee hupungua. Mzee alikuwa anakula. Kila siku sahani yake ilirudi jikoni haina kitu. Tangu Noeli alikuwa ameomba kulia chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu, alisema, kelele za jikoni zinamchosha. Hadassa alijivunia zile sahani. Kila Ijumaa alimwambia Séphora kwenye simu, "Anakula vizuri, yote anamaliza."

Wiki hiyo hali ya Kapita ilizidi kuwa mbaya. Alitikisa kichwa mfululizo, masikio yakigonga fuvu kama kitambaa kilicholoa, na Jumanne iliyofuata sikio la kulia likavimba, likajaa damu ndani, likaning'inia zito. Hadassa alimpigia Séphora.

Alimweleza habari za sikio, na Séphora akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Hadassa, nitakuuliza kitu, usikasirike. Wakati ule nilikuja, niliweka kamera kidogo mu jikoni, juu ya kabati. Nimeona jana, siku ya Lundi, unamulisha imbwa na mukono. Ilikuwa nini?"

Hadassa aliinua macho juu ya kabati. Kati ya sufuria mbili palikuwa na jicho dogo jeusi.

"Ilikuwa chakula ya mu saki. Alikuwa anaikataa."

"Anaikataa juu ya nini? Ni nani alimuzoeza kitu tamu kuliko ile?"

"Sijui."

"Shangazi Adolphine ananipigia kila siku," Séphora alisema. Adolphine alikuwa dada mdogo wa mzee, aliishi mtaa wa pili na kumtembelea kaka yake kila Jumamosi. "Anasema kwetu mutu mwenye kutaka kutega sumu anaanzaka na imbwa ya ule mutu, aone inafanya siku ngapi. Mimi sisemi hivyo. Nakuambia tu maneno yenye watu wanasema."

Hadassa alitazama tena lile jicho dogo. Alijua maneno mengine yaliyoambatana na hayo, ambayo Séphora aliyaacha: anatoka wapi yule mama, ni wa kabila gani, na vita vya kule vilimfundisha nini. Walikuwa wamevuka bahari, wanasali kanisa moja, wanaimba nyimbo zilezile kwa Kiswahili kilekile, na bado jambo hilo lilikaa kati yao, likingoja mtu augue.

Aliweka simu, akachukua sahani ya mzee kuiosha, na hapo ndipo alipoona.

Siku ile alikuwa amepika kuku kwa mawese. Mawese hayaondoki kwenye sahani hivi hivi. Hata ukikomba kwa bugali, hubaki duara jekundu pembeni, na sabuni ya kwanza hugeuka rangi ya machungwa. Sahani aliyoishika ilikuwa nyeupe kabisa. Aliipitisha kidole. Ilikuwa na utelezi wa mate.

Alisimama pale maji yakimwagika. Alikumbuka sahani zote tangu Noeli, jinsi alivyozirundika bila kuzitazama. Alikumbuka lile tundu la msumari kwenye mkanda.

Kesho yake alipika kuku laini, akampelekea mzee, akafunga mlango, akasema kwa sauti kwamba anatoa takataka. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akasimama kando ya dirisha la chumba ambapo pazia halikufika mwisho.

Mzee Birindwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kapita alikuwa mbele yake, ametulia, anangoja. Mzee alichukua tonge dogo kama punje ya haragwe, akalitia kinywani, akafumba macho. Shingo ilinyooka. Mabega yalipanda. Uso wake ukawa wa kijivu, na mishipa ikatoka kwenye paji, na kwa muda ambao Hadassa aliuona mrefu mno hakupumua. Hakutoa sauti yoyote; alikuwa ameshajifunza kutotoa sauti. Kisha akalitema lile tonge kwenye leso, akafuta machozi kwa kiganja, akaanza kumlisha mbwa, kipande baada ya kipande, kwa upole, kuku na mchuzi na bugali, na mwisho akamshikia sahani airambe.

Hadassa aliingia bila kubisha. Kapita alishusha mkia. Mzee alitazama leso iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Tangu siku gani, Papa?"

"Tangu Noeli." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, Hadassa alikuwa amedhani ni mafua. "Kwanza ilikuwa bugali tu. Kisha nyama. Sasa hata mukate. Nikimeza, inasimama hapa." Akaweka kidole chini ya koo. "Chai inapita. Supu inapita, siku zingine."

"Na imbwa? Uliona masikio yake."

"Niliona." Alikunja ile leso. "Ile wiki tatu za kwanza nilikuwa namwanga chakula mu choo. Choo ikaziba, ukaita fundi. Unakumbuka? Nikaona sasa utajua. Donc nikarudia kumupa Kapita. Kila usiku namusikia anajikuna, najua ni mimi."

Hadassa aliketi sakafuni. Alitaka kukasirika, hakuweza.

"Leo namuambia Séphora."

"Hapana. Sikiliza, muana wangu. Najua hii kitu. Iliondoka na baba yangu, hapa, kwenye koo, vilevile. Séphora akijua atanipeleka Columbus siku ileile. Kule mu nyumba yao imbwa haiingie, bwana yake iko na pumu. Anakuja siku ya Paska. Siku ine tu. Uniachie nimuambie mwenyewe, na kinywa yangu."

Sheria ya kampuni ilikuwa wazi: badiliko lolote la afya, piga simu siku hiyohiyo. Hadassa aliijua. Lakini alikuwa amechoka kuwa mpeleka habari mbaya kwa watu ambao tayari hawamwamini; na mzee alikuwa amemshika mkono, na mkono ule haukuwa na uzito.

"Mpaka Paska," alisema. "Lakini supu tu. Na imbwa hapana, hata tone."

Alijuta neno lile maisha yake yote.

Alhamisi alimchujia supu. Ijumaa mzee alikohoa baada ya kila kijiko, na jioni ngozi yake ilikuwa ya moto. Hadassa alimwuliza kama aite gari la wagonjwa. Mzee akatikisa kichwa: siku mbili tu. Akaondoka, akageuka mara mbili njiani kwenda kituo cha basi, na mara zote mbili akaendelea na safari.

Jumamosi haikuwa siku yake ya kazi. Saa sita mchana Adolphine alifika na kapu la ndizi, akamsikia Kapita akibweka ndani kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Alimkuta kaka yake sakafuni jikoni, midomo ya bluu, povu pembeni mwa kinywa, na mbwa juu yake, sikio limevimba, kichwa kikirusha matone ya damu ukutani.

Hadassa alipofika hospitalini, Séphora alikuwa ameshawasili kutoka Columbus. Walikuwa wamesimama kwenye ujia, yeye na shangazi yake, na hakuna aliyemkaribisha kuketi.

"Daktari anasema mapafu imejaa chakula," Séphora alisema. "Anasema baba yangu ni mufupa. Anauliza nani alikuwa anamutunza." Alikuwa anaongea taratibu mno. "Kila Vendredi ulikuwa unaniambia anamaliza sahani."

"Imbwa ndiyo ilikuwa inamaliza."

Akawaeleza yote, tangu sahani nyeupe mpaka dirishani. Hakuficha kwamba alikuwa amejua tangu Jumatano.

"Jumatano," Séphora alirudia.

"Aliniomba. Alitaka akuambie mwenyewe kesho, siku ya Paska."

Adolphine hakuwa akisikiliza tena. "Povu," alisema. "Nimeona povu na macho yangu. Mzee na imbwa, wote wawili. Chakula gani inatoaka povu?" Akamwambia Séphora awatake madaktari wapime damu, watafute sumu. Séphora alimtazama Hadassa kwa muda, kisha akaingia kuwaambia.

Jioni hiyo kampuni ilimpigia Hadassa, ikamsimamisha kazi na kumkataza kutumia ufunguo wa mzee hadi uchunguzi uishe. Alikuwa bado kwenye ujia. Alimsikia Adolphine akisema mbwa apelekwe mahali wanapowachoma wanyama sindano ya kufa, kwani mtu hawezi kukaa na mnyama mwenye sumu mwilini. Hakuna aliyetaka hata kumgusa. Alikuwa amefungiwa jikoni peke yake tangu mchana.

Hadassa alimsogelea Séphora.

"Unipatie imbwa. Kama ni sumu, itakufa kwangu, na mutajua ni mimi. Kama ni chakula ya Papa, itapona, juu sasa hakuna mutu wa kumupa."

Séphora alimtazama shangazi yake. Halafu akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba ya baba yake.

Daktari wa wanyama alitoa damu sikioni, akalishona, akamfunga Kapita kola ya plastiki shingoni. Hadassa alianza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Alipangusa sakafu ya nyumba yake kila asubuhi. Yeye mwenyewe aliacha kupika nyama ili hata harufu isikae kwenye bakuli. Kila siku alipiga picha mbili, sikio la kulia na la kushoto, akamtumia Séphora. Alama ndogo za simu zilionyesha kwamba zimefunguliwa. Jibu halikuja.

Siku ya tano hapakuwa na tofauti yoyote. Siku ya sita mbwa alitapika nyongo, na Hadassa alikaa naye bafuni mkono ukiwa juu ya mbavu zake, akifikiria mambo ambayo watu wangesema Jumapili. Aliwaza pia, kwa mara ya kwanza, kwamba labda Adolphine ana haki. Si juu ya sumu, bali juu ya hili: mzee alikuwa mikononi mwake, na yeye alikuwa amejua, na alikuwa amepanda basi.

Siku ya tisa Kapita alilala bila kuamka mara hata moja.

Vipimo vya damu havikuonyesha sumu yoyote. Kamera iliyoshushwa kooni mwa mzee ilionyesha uvimbe uliokuwa umeziba njia, mkubwa, wa miezi mingi, ambao haungeweza kukatwa tena. Habari hizo Hadassa alizipata kwa mkurugenzi wa kampuni, siyo kwa familia. Walimwambia anaweza kurudi kazini baada ya kuonywa kwa maandishi. Lakini kanisani, kwenye chakula cha ubatizo wa mtoto mmoja, alipeleka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na alipoondoka sombe ilikuwa imejaa vilevile hadi ukingoni. Hakuna aliyemwambia neno. Walimsalimu wote.

Siku ya ishirini na tatu Séphora alijibu picha. Aliandika: Papa anauliza kama masikio imekauka.

Hadassa alirekodi sauti, akasema ndiyo, imekauka, na tumboni nywele zinaota. Hakuongeza kitu.

Mzee alihamishiwa Columbus, kwa binti yake, akiwa na mrija wa chakula tumboni. Mbwa hakuweza kwenda. Mwezi wa tano Hadassa alihamia Lackawanna, kusini ya Buffalo, kwa mdogo wake Teta, ambaye alimtafutia nafasi ya kufunga maboksi katika ghala alikofanya kazi yeye. Kapita alisafiri kwenye kiti cha nyuma, bakuli lake na mfuko wake vikiwa vimefungwa peke yake.

Wiki nane zilipokamilika, Séphora alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Papa anataka kuongea."

Sauti ya mzee ilikuwa upepo tu. "Daktari alisema nyama fulani. Ni gani?"

"Bado hatujui, Papa. Inaweza kuwa yoyote."

"Nataka kujua. Nilimuumiza na nini? Nataka kujua jina yake."

Teta alimwambia dada yake kwamba ni wazimu kumgonjwesha tena mnyama aliyepona. Hadassa alimpigia daktari wa Louisville, na kwa msaada wa Teta kwenye Kiingereza akaelezwa jinsi inavyofanywa: chakula kimoja kwa wakati, wiki mbili, na dalili ya kwanza ikitokea, acha papo hapo. Alianza na ng'ombe. Kila jioni akitoka ghalani aliinua masikio kwa mwanga wa dirisha. Ng'ombe alipita. Mayai yalipita, maziwa na ngano pia. Kila siku iliyopita salama ilimtia hofu zaidi, kwa maana alijua kinachobaki, na alijua mzee huko Columbus anahesabu pia.

Mwezi wa nane alichemsha kuku.

Siku ya tatu asubuhi Kapita aliamka akasugua uso kwenye zulia. Mchana alianza kulamba mguu. Hadassa aliinua sikio: pekundu, na moto. Akamwaga kuku yote kwenye pipa la nje, akaosha sufuria mara mbili, akapiga simu.

"Ni kuku, Papa."

Kwa muda alisikia kupumua tu, kukavu, kwa mbali, na mashine fulani ikilia nyuma yake.

"Kuku," mzee alisema. "Ndiyo nilikuwa namupa mingi. Nilikuwa naona ndiyo laini." Akapumzika. "Sasa anajikuna?"

"Kidogo. Itaisha mu siku chache."

"Unihakikishie."

"Nakuhakikishia."

Iliisha siku ya nane. Mzee Birindwa alikuwa amefariki siku moja kabla.

Hadassa na Teta waliendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka Buffalo hadi Columbus, na Kapita nyuma, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Baada ya maziko watu walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mbwa hakuruhusiwa ndani, kwa hiyo Hadassa alibaki naye nje, kwenye nyasi karibu na maegesho, kamba mkononi. Watu walipita na sahani za karatasi, mchele na kuku wa kukaanga, na kila mmoja alimhurumia yule mbwa wa marehemu. Mwanamume mmoja alimtupia kipande. Hadassa alikikanyaga kabla hakijafikiwa, akakiokota, akakiviringisha kwenye leso. Mwanamume yule alimwona mchoyo. Adolphine alipita na vikongwe wengine wawili, akamtazama mbwa kuanzia masikio mpaka mkia, akaendelea kutembea.

Mwishowe Séphora mwenyewe alitoka, sahani mkononi, vidole vinang'aa mafuta ya kuku. Alikuwa amekonda. Kapita alimtambua, akanyoosha shingo, akatikisa mkia.

Séphora alikuwa ameshainama kumshika kichwa. Akasita. Alijitazama mikono, akamtazama Hadassa, ambaye hakulegeza kamba.

"Ningoje," alisema.

Aliweka sahani juu ya ukuta wa mbali, akarudi ndani. Kupitia mlango uliobaki wazi Hadassa alimwona amesimama kwenye sinki la jikoni la ukumbi, mgongo kwake, mikono ya gauni jeusi imekunjwa mpaka kwenye viwiko, akisugua kwa sabuni kidole kimoja kimoja, akisuuza, akianza tena, na mabega yakimtikisika. Watu waliongea naye, hakugeuka. Kisha akafunga bomba, akatoka na mikono inayochuruzika maji, akapiga magoti kwenye nyasi, akamshika Kapita kichwa.